Moyo Wangu Unapiga Polepole, Panda Basi

Kwako Teta, mwenye begi lililoachwa wazi katikati ya sebule,

Nimeliruka begi lako mara kadhaa tangu mchana, nikienda jikoni na kurudi, na kila nikiliruka mama yako ananitazama kama muuguzi anayemtazama mgonjwa akipanda ngazi. Nilipoinama kulifunga zipu aliniambia niliache. "Mwenyewe amesema lisifungwe," akasema. Ndipo akanieleza ulichomwambia kabla ya kwenda kumuaga shangazi yako Kimironko: kwamba kama Papa anaumwa moyo na anaficha, huendi Mwanza, kwamba kesho alfajiri utawapigia simu watu wa maabara uwaambie kazi wampe mtu mwingine.

Kwa hiyo ninaandika. Jua halijazama bado, mama yako anakaanga vidagaa vya sambaza, na nina muda mpaka utakaporudi. Barua nitaiweka juu ya nguo zako, kwa kuwa begi liko wazi hata hivyo. Ningeweza kukusubiri nikueleze kwa mdomo, lakini unajua maelezo yangu yanavyokuwa. Miaka yote niliyofundisha baiolojia sikuwahi kumaliza mada kabla ya kengele, na hapa nyumbani kengele ni wewe. Karatasi hainikatizi.

Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na pesa za kuficha kwenye soksi mama yako amekwisha kukupa, na amekupa mara mbili. Mimi nina jambo moja tu. Moyo wangu ni mzima. Kama wewe unafikiri vinginevyo, lawama kubwa ni yangu, na inayobaki ni ya jirani yetu Mama Kalisa.

Unakumbuka siku uliponivika saa yako ya zamani. Ulikuwa umenunua mpya, na mimi nilikuwa nimestaafu na kuanza kuota mizizi kwenye kile kiti cha barazani. Ukanipa na ule mkanda wa kifuani unaohesabu mapigo, ukasema, "Papa, kimbia kidogo, hata nusu marathoni mwakani tukimbie wote." Nikakujibu kwamba sikuwahi kufundisha nusu ya mfumo wa damu, na kwamba nikikimbia nitakimbia marathoni kamili. Mama yako akasema kutoka jikoni, "Kwanza afike kwa Mama Kalisa bila kukaa chini."

Ilikuwa dharau, na ndiyo iliyonitoa nje kesho yake kwa kasi mbaya. Nilitoka getini kama mtu aliyeachwa na basi. Nilipita nyumba ya Mama Kalisa kifua mbele, nikakata kona ya karakana ya Saidi, yule fundi wa makochi, na nilipohakikisha hakuna anayeniona nikashika ukuta. Nikapumzika mpaka nikaona watu mbele, nikakimbia tena. Nilirudi nyumbani nimelowa, nimefurahi sana, nikakuonyesha mchoro wa mapigo ya moyo kwenye simu yako. Ukautazama, ukaniuliza, "Papa, hapa ulipanda mlima gani?" Nikatazama ramani. Nikakwambia ukweli: hapo hakuna mlima, hapo ni kwa Mama Kalisa. "Na hapa?" Hapo ni Saidi na vijana wake. Kila palipokuwa na baraza yenye watu, moyo ulipanda kama mshale. Palipokuwa na ukuta mtupu, ulishuka.

Tulicheka siku ile, lakini mimi niliendelea kuufikiria mchoro ule baada ya wewe kulala. Nilikuwa nimesimama mbele ya darasa maisha yangu yote na sikujua ni kiasi gani cha mafuta nilikuwa nachoma kwa ajili ya wanaotazama. Mwanza nako kuna baraza, mwanangu. Kuna wakubwa wa kazi, kuna wenzako wapya watakaotaka kujua huyu Mnyarwanda ni mtu wa namna gani. Wiki za kwanza utatamani kupita mbele yao kifua mbele. Sikukatazi, mimi mwenyewe nilishindwa. Nataka tu ukijikuta umeshika ukuta mahali, usidhani ni wewe wa kwanza.

Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo watu wote waliosoma hulifanya wakishindwa: nikatafuta kanuni. Nikasoma kwamba anayejiandaa kwa mbio ndefu hatakiwi kukimbia kwa nguvu kila siku. Sehemu kubwa ya mazoezi ni taratibu, kwa mapigo ya chini, ili moyo ujifunze kusukuma damu nyingi kwa pigo moja badala ya kupiga ovyo mara nyingi. Fikiria mtu anayechota maji kisimani kwa kikombe, anakimbia mbio huku na huku. Halafu mpe ndoo. Anatembea, na pipa linajaa. Mazoezi ya mapigo ya chini yanaugeuza moyo kutoka kikombe kuwa ndoo. Nimelieleza jambo hili kwa watu wengi mtaani, kwa kikombe na ndoo halisi, na ni wewe peke yako uliyelielewa.

Kujua mapigo yako ya juu kabisa, wanasema utoe umri wako kwenye mia mbili na ishirini. Ni makadirio tu, lakini pa kuanzia ni hapo. Wewe ukaingiza umri wangu kwenye saa ukiusoma kwenye kitambulisho, na mimi sikukusahihisha, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kwamba kitambulisho kinasema uongo.

Hadithi yenyewe unaijua vipandevipande. Kule Karagwe, wakimbizi tulikuwa na ng'ombe wengi kuliko shule, na mimi nilichunga mpaka nikiwa na miaka kumi na mmoja. Babu yako aliponipeleka darasa la kwanza, mwalimu mkuu akasema huyu ni mkubwa mno. Babu yako akanitazama, akaona jinsi nilivyokuwa mwembamba, akasema, "Ana saba." Mwalimu akaandika saba. Nimeishi na saba ile mpaka leo. Imenivusha mpaka, imenipa shahada, imenistaafisha. Haikuwahi kunidhuru mpaka iliposhindana na moyo wangu kwenye mlima wa Gisozi.

Maana saa ilikuwa ikinipigia hesabu za kijana. Ilisema bado, ongeza, una nafasi. Na mimi nikiongeza naona nyota. Nikampigia shangazi yako kumuuliza nilizaliwa lini hasa.

"Ulizaliwa mwaka ule ng'ombe wetu Bihogo alipozaa mapacha," akasema.

"Mwaka gani huo?"

"Nimekwambia. Wa mapacha."

"Dada, saa haina sehemu ya kuandika Bihogo."

"Basi hiyo saa haijakamilika," akasema, akakata simu.

Tulikuja kukubaliana kwa kupitia ndoa za watu na vifo vya ng'ombe, na ikaonekana ile miaka minne aliyoipunguza babu yako ilikuwa minne kweli. Nikaibadilisha kwenye saa. Mapigo manne kwenye karatasi si kitu. Kwenye mlima ni tofauti kati ya mtu anayeimba na mtu anayeomba msaada. Wewe nenda na umri wako mwenyewe. Kuna watu watakaokuandikia kwamba uko nyuma kuliko ulivyo, na wengine kwamba uko mbele, kila mmoja kwa sababu zake nzuri kama za babu yako. Miguu ndiyo inayokuja kujua.

Nilipopata umri wangu halisi, ndipo upole ulipoanza, na pamoja nao masaibu yote yaliyoliacha begi lako wazi.

Kigali si mahali pa kukimbia kwa mapigo ya chini. Mtu aliyebuni mazoezi haya bila shaka alikaa nchi iliyo bapa kama sahani. Hapa ukitoka getini ama unapanda ama unashuka. Kushuka hakuna tatizo. Kupanda, hata nikikimbia kama mtu aliyebeba mayai, saa inalia. Ikilia, sheria ni moja: tembea. Ukitembea na bado inalia, simama. Ubaki umesimama mpaka moyo utulie, kisha uanze tena. Nilikuwa nikisimama kila baada ya nguzo mbili za umeme. Wanawake wanaokwenda sokoni na vikapu kichwani walinipita. Dereva wa pikipiki alipunguza mwendo kila siku kuniuliza, "Muzehe, twende?" na kila siku nikamwambia ninafanya mazoezi, naye akaondoka akitikisa kofia yake. Siku moja Saidi na vijana wake walikuwa wakipeleka kochi la watu watatu kwa mteja, wamelibeba vichwani, wakanipita wakiimba. Saidi akageuka nusu, kwa kadiri kochi lilivyomruhusu.

"Mwalimu, panda kochi. Tunaelekea huko huko."

"Asante Saidi, niko kwenye mapigo ya chini."

"Hayo naona. Yakizidi kushuka utaanza kurudi nyuma."

Hiyo ilikuwa kejeli, na kejeli niliizoea. Ambacho sikukiona ni kwamba watu wengine hawakuwa wakinicheka. Walikuwa wakinionea huruma. Hebu jiweke kwenye baraza ya Mama Kalisa. Kila asubuhi unamwona mzee jirani yako anapanda mlima, anasimama, anaweka mkono kifuani, anatazama saa, anatikisa kichwa, anapiga hatua chache, anasimama tena. Mimi mkono kifuani nilikuwa narudisha mkanda mahali pake, maana huteleza ukilowa jasho. Kichwa nilikuwa natikisa kwa sababu namba ilikuwa kubwa. Lakini yeye angejuaje?

Halafu akauona mkanda wenyewe. Nilikuwa nimeufua na kuuanika kwenye kamba kati ya shuka. Alikuja kuomba chumvi, akausogelea, akaugeuza, akaona vile vibati viwili vyeusi vinavyogusa ngozi. Mama Kalisa amekulia Goma, unamjua anavyosema.

"Mwalimu, hii njo nini?"

Hapo, mwanangu, ningesema ni mkanda wa michezo, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi ni mwalimu. Nikasema, "Ni kifaa cha kupima moyo." Nikachukua kijiti nikamchorea moyo chini kwenye udongo, vyumba vinne, mishale ya damu inayoingia na inayotoka. Nilipofika kwenye vali niliinua macho, nikaona ameshika mdomo.

"Na moyo iko inakusumbua tangu lini?"

"Haunisumbui. Naupima tu nisiuchoshe."

"Yoo," akasema. "Nisiichoshe." Akaondoka bila chumvi.

Jioni yake alirudi na kidumu cha maziwa ya mgando.

Wewe umezaliwa mjini lakini umelelewa. Unajua mtu akikuletea maziwa kwa sababu unaumwa huyakatai, na humpi chombo chake arudi nacho kikiwa na maziwa ndani. Unakunywa, naye amekaa hapo anatazama koo lako. Nilikunywa. Nilijaribu kumwambia mimi ni mzima, akaitikia, "Ee, tunaomba iwe vile," akanisogezea kikombe kingine. Kesho yake akaleta jirani wa juu. Keshokutwa wa chini. Wewe ulikuwa unatoka alfajiri kwenda kazini Muhima na kurudi giza limeingia, ukaona tu jokofu limejaa maziwa, mama yako akakwambia ni ya Mama Kalisa, basi. Hukuniona mimi nikijaribu kukimbia na maziwa yale yote tumboni, yanakwenda huku mimi nakwenda kule. Nikimlalamikia mama yako anasema, "Kunywa. Ulitaka moyo, umepata moyo."

Kisha kikundi cha maombi kikaja. Walikaa sebuleni, wamejaa mpaka kwenye mikono ya makochi, na nikaona hii ndiyo nafasi ya kumaliza uvumi kwa elimu. Nikasimama. Nikawashukuru. Nikawaambia, kwa furaha, maana ilikuwa habari niliyoisubiri kwa miezi, kwamba moyo wangu sasa unapiga polepole zaidi kuliko ulivyokuwa unapiga mwaka jana.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu."

Nikaendelea. Nikasema nikiamka asubuhi unapiga mara chache zaidi kila mwezi, na kwamba nategemea utaendelea kushuka. Mama Kalisa akaanza kulia. Nikaomba kikombe na ndoo nieleze, lakini kiongozi wao alikuwa amekwisha kufumba macho. Aliomba kwa muda mrefu, kwa sauti nzuri, na katikati ya sala akasema, "Na huyu mtumishi wako, Bwana, anayeukana ugonjwa wake kwa ujasiri, mfungue macho." Mama yako alikuwa amekaa karibu yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yanatikisika, na wote wakadhani analia.

Mpaka hapo nilikuwa sijakosa kitu, ila kueleza vizuri. Kosa langu liko kwenye umuganda wa mwezi uliopita, na wewe ulikuwepo. Mtaa mzima tulitoka kuzibua mtaro wa maji ya mvua. Siku moja kabla nilikuwa nimekimbia mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia, na mapaja yalikuwa magumu kama mbao za Saidi. Nikachukua jembe. Mama Kalisa akaniondolea jembe mkononi mbele ya watu wote. Mtu akaleta kiti. Mkuu wa umudugudu, kiongozi wetu wa mtaa, akatangaza kwamba Mwalimu atatusimamia akiwa kivulini, na watu wakasema vyema, vyema.

Wewe ulinitazama kutoka kwenye mtaro, na sepetu mkononi. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama. Lakini kile kiti, Teta. Kilikuwa na mgongo. Kulikuwa na upepo. Nikasema moyoni, nitaeleza kesho, nikanyoosha miguu. Nikawa mgonjwa kwa asubuhi moja kwa hiari yangu, na ni mara ya kwanza katika sakata lote kwamba uvumi ulinifaa. Nikiangalia nyuma naona ilikuwa asubuhi ghali. Maana baada ya kazi Mama Kalisa alikushika mkono akakwambia yote aliyoyajua, na wewe, uliyenivika mkanda kwa mikono yako na kunichekea mchoro wangu, ukamwamini yeye, kwa sababu ulikuwa umeniona mwenyewe nimekaa.

Ukaja ukaniuliza, nikacheka. Nadhani nilicheka vibaya. Tena ulikuwa na ushahidi wako mwingine, ambao Mama Kalisa haujui, na huo ndio uliokukaa rohoni.

Ni ule wa chakula cha jioni. Nilikuwa najipima moyo uliotulia, kama wanavyoshauri: kaa, usiongee, pumua. Tulikuwa mezani, isombe ya majani ya muhogo na wali, mkanda kifuani, saa karibu na sahani. Namba ilikuwa hamsini na nane, nilikuwa nimeishangilia kimya kimya. Wewe ukaweka kijiko chini, ukasema umepata kazi. Mama yako akapiga vigelegele. Ukasema ni Mwanza. Saa ikalia. Tukaitazama sote watatu. Ilikuwa imepita mia na bado inapanda, na ikauliza, kwa yale maandishi yake ya kijani, kama nimeanza mazoezi.

Ukanyanyuka. "Papa, umekaa tu. Kwa nini inapanda hivyo?"

Nikasema ni pilipili.

Siku ile sikuwa nimetia pilipili. Chupa ilikuwa upande wako wa meza, na ulijua. Ndiyo maana hukuniamini juu ya umuganda, na ndiyo maana begi liko wazi. Basi ngoja nikueleze, na hili halina mchoro. Moyo una kazi ya kusukuma damu, lakini una waya unaotoka kichwani, na waya huo haujali kama umekaa au unakimbia. Ukisikia habari njema na habari mbaya zimefungwa kwenye sentensi moja, unapiga. Wangu ulikuwa unasikia kwamba binti yangu amepata kazi aliyoisomea, ya kupima maji ya ziwa linalopokea mto ambao mimi nilinyweshea ng'ombe nikiwa mtoto. Na ulikuwa unasikia kwamba kiti kile cha upande wa pilipili kitakuwa kitupu. Ulipiga kwa yote mawili. Baada ya muda ulishuka wenyewe, haraka, na hiyo ndiyo dalili ya moyo uliofundishwa vizuri: kupanda si tatizo, tatizo ni kushindwa kushuka. Ungeendelea kutazama saa badala ya kunitazama mimi, ungeliona hilo.

Sasa sikiliza nilichoamua. Nimejua maneno hayatoshi, maana maneno ndiyo yaliyoniletea maziwa.

Kesho mama yako atakuja nawe Nyabugogo kwa teksi, pamoja na Mama Kalisa, ambaye hawezi kuzuiwa na ana kidumu chako cha safari tayari. Mimi sitakuwamo. Nitakuwa nimetangulia kwa miguu. Nitashuka Gisozi, nitapita karakana kabla mafundi hawajawasha mashine, nitafuata bonde mpaka stendi, kwa mapigo ya chini, polepole kabisa. Wapagazi wa Nyabugogo watadhani nimeachwa na basi na watagombea mzigo ambao sina. Utanikuta kwenye mlango wa basi lako.

Kipimo cha kukimbia taratibu, kile cha kweli ambacho hakihitaji mkanda wala umri wa kitambulisho, ni kuongea. Anayekimbia kwa mwendo unaomfaa anaweza kumaliza sentensi ndefu bila kuhema. Kwa hiyo nitakapokuona nitaanza, papo hapo, bila kukaa, kueleza mzunguko wa damu. Nitaanza chumba cha juu cha kulia. Nitakwenda kwenye mapafu na kurudi. Nikikatika, nikishika kifua, nikitafuta kiti, shusha begi, turudi wote nyumbani, na nitakunywa maziwa mpaka nife kwa maziwa. Lakini nikiendelea, na nikafika kwenye vali, na wewe ukasema kama unavyosema siku zote, "Papa, basi, nimeelewa," hapo umeshajijibu mwenyewe. Panda.

Marathoni yenyewe ni baada ya wiki chache. Ulikuwa umeahidi kusimama kwenye mstari wa mwisho. Nimepiga hesabu: kwa mwendo wangu nitafika wakati wanakunja mahema, na Saidi amesema ataacha kochi moja hapo kwa ajili yangu. Hutakuwa umekosa mengi. Utakuwa umeshika simu Mwanza, na mama yako atakuwa anakutangazia, na kama ninavyomjua atasema nimekaa chini kwa Mama Kalisa.

Sikutumi uende polepole kila mahali. Kuna siku za kukimbia kwa nguvu, hata kwenye mpango wangu zipo, ni chache na ni tamu. Ila ukifika na kila mtu akakupita, wenye vikapu, wenye makochi, usihesabu kwamba kuna kitu kimeharibika ndani yako. Mimi nilidhani hivyo kwa miezi, na kumbe ndoo ilikuwa inakua.

Nasikia geti. Hapana, ni Mama Kalisa, amekuja kuuliza kama nimepumzika vya kutosha. Ameniona ninaandika kwa muda mrefu nikiwa nimeinama, akamuuliza mama yako kwa sauti ya chini kama ni wosia. Mama yako amesema, "Kwa urefu wake, ndiyo."

Nimevaa mkanda tangu nilipoanza barua hii, kwa ajili ya takwimu. Mwanzoni nilikuwa hamsini na nane. Sasa sitakuandikia ni ngapi.

Kwa hiyo kesho, nikimaliza mada yangu na wewe ukinikumbatia pale mlangoni, saa itakuwa mkononi mwangu nyuma ya mgongo wako, na italia, na wapagazi wote watageuka. Usiitazame. Mwambie Mama Kalisa ni pilipili. Funga begi.

Baba yako